Linux Yangu na Kadi ya Simu ya Viola

Jumatano, 12 Machi 2025
Kompyuta imefika hapa Tuwan. Inatosha kiganjani. Nimemwambia pasta kwamba Jumapili maneno ya nyimbo yatatokea ukutani, kwa hivyo Kipkosgei wa duka la simu asijisumbue na laptop yake. Kipkosgei aliuliza kama nimewahi kuweka Linux, ule mfumo wa kuiendesha kompyuta. Nikasema nimechoka kuiweka. Sijawahi hata siku moja.

Alhamisi, 13 Machi
Linux inaandikwa kwenye kadi ya memori, kadi inaingia kwenye kompyuta, basi. Kadi yangu ni feki. Kwenda kununua nyingine kwa Kipkosgei ni aibu. Nikakumbuka simu ya zamani ya mke wangu Viola, iko kabatini tu. Nikachomoa kadi yake. Programu ikauliza kama ifute vyote vilivyomo. Nikakubali. Kazi safi.

Ijumaa, 14 Machi
Niliweka neno la siri gumu ili Kipkosgei asiingie. Sasa hata mimi siingii. Nimeanza upya.

Wakati wa chai Viola akasema, “Baba Noah, nitafutie ile simu ya zamani. Kesho mama anatimiza mwaka tangu atuache. Sauti yake akiimba iko kwa kadi.”

Nikasema nitaitafuta.

Jumamosi, 15 Machi
Asubuhi na mapema nikaenda Misikhu kwa Phanice, dada yake Viola. Mpango: niseme kadi imeibwa, yeye anisaidie kumtuliza Viola. Phanice alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni mwizi gani huyo anayebeba kadi na kuacha simu. Nikamweleza ukweli. Machozi yalinitoka kidogo, na hayo yabaki hapa.

“Shemeji,” akasema, “si mimi ndiye nilirekodi? Bado ninayo.”

Akabonyeza simu. Mama akaimba, akakohoa katikati, akacheka, akaendelea. Nikakalia gunia la mahindi. Phanice akanitumia wimbo kwa sharti moja: nimwambie Viola mwenyewe.

Nimemwambia jioni hii. Alisikiliza wimbo mara tatu kabla ya kuniangalia. “Ungeniuliza tu,” akasema. Halafu akanipakulia ugali. Sijawahi kula ugali mtamu hivyo.

Jumapili, 16 Machi
Linux imemaliza kujiweka kabla ya ibada. Nimeingia kwa neno la siri, jaribio la kwanza tu. Maneno yalitokea ukutani, ila kichwa chini miguu juu. Waumini wakainamisha shingo kuyasoma, na pasta akasifu unyenyekevu wao. Kipkosgei aliyageuza kwa kubonyeza mara moja. Hakuna aliyemwona, nafikiri.

Baada ya ibada Mama Chelagat wa kwaya amenipa kadi yenye picha za harusi ya binti yake, eti nimtazamie kwa nini haifunguki. Ina nafasi kubwa ajabu, Linux ingeenea humo bila shida. Na kule Kamukuywa kuna kanisa ambalo bado linaimba kwa vitabu.