Ufunguo Uko Nyumba ya Bluu

Jumatatu, 3 Juni
Sikukuu. Mvua, kisha jua la kubahatisha. Wageni wamekuja tena kuutazama mnara.

Mnara uko ndani ya shamba langu. Ng'ombe wangu ndio wanaojikuna kwenye pembe zake. Ukoo wangu, akina Linnane, ndio waliowamwagia maadui maji ya moto kutoka juu, kabla ya kutimuliwa. Na ufunguo uko wapi? Kwa Attracta Considine, mjane wa ng'ambo ya barabara, unaning'inia kando ya jiko tangu enzi za mama mkwe wake. Kibao cha getini kinasema: ufunguo uko nyumba ya bluu. Basi wageni wananipita bila kugeuza shingo, wanagonga kwake, wanapewa chai na mkate wa zabibu, wanatoka wanacheka.

Mlango wangu haujagongwa tangu Pasaka, na aliyegonga siku ile alikuwa amepotea njia. Inaniuma. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu.

Jumanne, 4 Juni
Wazo! Kibao hakisemi nyumba ya bluu ya nani.

Nimepaka nyumba yangu bluu, mbele yote na ubavu wa barabarani. Pia, kwa bahati mbaya, mkia wa paka. Attracta alisimama getini kwake, mikono kiunoni, akauliza nimepatwa na nini. Nikamjibu kwamba mtu ana haki ya kupenda bluu. Akasema nimeacha mahali bila rangi chini ya dirisha. Ni kweli, lakini hayamhusu.

Jumatano, 5 Juni
Wamegonga! Mume na mke kutoka Ujerumani, makoti ya mvua ya sare. Nikawaketisha, nikawapa chai. Mkate wangu wa zabibu uliungua. Nikawaambia hapa kwetu Clare ndivyo unavyoliwa. Nikawasimulia ukoo wangu mpaka mume akaanza kutazama saa. Ndipo mke akauliza kwa upole kama wanaweza kupata ufunguo.

Mpango wangu haukuwa umefika hapo.

Nikasema ufunguo umepelekwa kutiwa mafuta. Warudi kesho, nitawafungulia mwenyewe kutoka ndani, kama mabwana wa zamani. Nikamwombe Attracta? Afadhali nilale zizini.

Alhamisi, 6 Juni
Juu ya mnara kuna choo cha kale. Mfereji wake unashuka ndani ya ukuta na kutokea nje, kwenye majani yanayowasha. Nimesikia kuna maadui waliowahi kuingia kwa njia hiyo. Na mimi si adui, ni mwenye nyumba.

Nikajiingiza kwa kichwa. Mabega yalipita vizuri. Tumbo lilipita nusu. Kisha ama ukuta ulinenepa au mimi. Vijiti vya kiota cha kunguru vikanimwagikia usoni. Wajerumani wakafika. Niliwasikia wakinong'ona kama watu waliokuta miguu bila mwenyewe. Nikapaza sauti kwamba kila kitu kinakwenda kama kilivyopangwa. Wakaenda kwenye nyumba ile nyingine ya bluu.

Attracta alikuja na ufunguo pamoja na kopo la mafuta ya kupikia.

"Fachtna," akasema, "hata ungefika juu, ungefanya nini? Kufuli liko nje."

Nikafikiri. Kweli liko nje. Nimelipita kila siku ya maisha yangu.

Nikamwambia nilikuwa nakagua mawe.

"Sawa, bwana mkaguzi. Sasa vuta tumbo ndani, tunakuvuta."

Yeye akashika mguu mmoja, yule mume Mjerumani mguu wa pili. Sweta langu limebaki humo. Na libaki. Linnane amerudi mnarani, japo kwa sweta.

Ijumaa, 7 Juni
Attracta amekuja. Nilijua amekuja kunicheka, nikawa nimeshaandaa maneno makali. Hakucheka. Akasema magoti yake yamechoka kupokea watu kila siku, hivyo Jumamosi na Jumapili nikae na ufunguo mimi. Akauliza kwa nini sikuomba tu, angenipa zamani. Nikamjibu kwamba Linnane haombi kilicho chake.

"Haya, usiombe. Shika."

Nyumba yake anaipaka manjano ili wageni wasichanganyikiwe. Kibao keshakirekebisha: siku za kazi manjano, Jumamosi na Jumapili bluu.

Jumamosi, 8 Juni
Mvua ya kutwa. Hakuna mgeni. Nilikaa nimevaa tai, ufunguo mfukoni. Saa kumi jioni mlango ukagongwa. Attracta, anataka chai. Akasema mkate wangu ungefaa kuzibia ufa wa mnara, na bado akaongeza kipande. Nilifurahi. Nimeandika mara moja, sirudii.

Jumapili, 9 Juni
Wamegonga tangu asubuhi! Siku tamu kuliko zote. Nimesimulia ukoo wangu hadi sauti imekauka.

Lakini kesho Jumatatu. Kesho watanipita tena bila kugeuza shingo, mpaka Jumamosi. Sikubali.

Bandani nimepata kopo la rangi ya manjano. Nimeshapaka mbele yote. Ubavu unabaki bluu. Akiniuliza mtu, nitasema ni rangi za timu yetu ya mpira wa magongo, tuone nani Clare nzima atathubutu kunikemea.

Ufunguo utakuwa kwa Attracta, najua. Lakini leo nimeitazama vizuri dohani ya mnara, na ni pana kuliko ule mfereji.