Aliyemnyamazisha Mtoto ni Mota, Siyo Marehemu Olima

Gati, mke wa Okal,
Nyuma ya duka la mabango,
Sirari.

Kwa Mzee Okello,
Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Isebania.

YAH: KUOMBA JINA LA MTOTO LIRUDISHWE KIKAONI

Mheshimiwa Mwenyekiti na Baba yetu mkubwa,

Shikamoo Baba. Huku upande wetu hatujambo. Mtoto anaongezeka uzito, na Okal anawasalimu wote akiwa na gundi kwenye ndevu. Naandika kwa sababu nikiongea nanyi ana kwa ana huwa naangalia chini na maneno yananiisha. Kwenye karatasi naona aibu kidogo tu.

Mnakumbuka ile Jumamosi. Mtoto alikuwa amelia siku tatu, zahanati wakasema haumwi kitu, ndipo mkavuka mpaka mkaja kumwitia majina ya marehemu, ili anyamaze kwa yule anayetaka kurudi kwa jina lake. Shangazi Felistas alikuwa anayasoma kwenye daftari. Alipofika "Ni wewe, Olima?" mtoto akanyamaza kama redio iliyochomolewa. Vigelegele vikapigwa, kuku wakaliwa, kikao kikafungwa. Jumapili ijayo anabatizwa Simon Olima. Mimi, kwa heshima zote, napinga. Hoja zangu ni hizi:

1. Shangazi alipotamka Olima, wakati uleule Okal alikuwa nyuma ya nyumba anajaribu mota ya ndege, hizi ndogo za kurusha tunazounda nyumbani. Alikuwa ametumwa viti. Aliniambia, "Dakika moja tu, mama Simon, nisikie kama inazunguka." Ikazunguka. Mtoto alinyamaza kwa ule mlio. Nililisema hili palepale, Shangazi akanijibu, "Gati mama, mlio wa mota unamnyamazisha nani? Mimi umenipandisha presha! Nyathi, mtoto mwenyewe, amesema, tule." Nikaenda kugawa ugali.

2. Naomba mniamini kuhusu mota, maana mimi ni fundi. Watu wanasema ndege ni za Okal. Ndege ni zetu sote wawili. Yeye analeta mabaki ya mabodi ya foamu, yale mepesi meupe yenye karatasi pande zote, wanayotengenezea mabango. Mimi ndiye nakata. Mnajua mimi ni mshonaji, niliishia darasa la saba nikaingia cherehani. Nachora pateni kwenye gazeti kama ya blauzi, mwili peke yake na mabawa peke yake, naipanga juu ya bodi, napitisha wembe. Pale kwenye mkia panapotakiwa kukunjika nakata karatasi ya juu na foamu, karatasi ya chini naiacha, hiyo ndiyo bawaba. Okal aliwahi kukata mpaka chini mara mbili, mkia ukabaki mkononi. Kisha tunapitisha vijiti vya mishikaki ndani ya bawa lisivunjike, tunabandika kwa gundi ya moto, tunaisimamisha ndege juu ya vidole viwili. Ikiinamisha mkia, betri inasogezwa mbele. Mtu wa kazi ya namna hii, Baba, hawezi kuchanganya mlio wa mota na sauti ya marehemu.

3. Nimefanya majaribio. Mota ikizunguka, mtoto kimya. Ikizimwa, analia. Nimerudia mara nne, na Veronika jirani ni shahidi, ingawa alikuja kuomba chumvi. Mara ya tano betri ikaisha, tukalia wote wawili.

4. Kuhusu marehemu Olima mwenyewe. Simsemi vibaya. Nasema yale tu ambayo ninyi huyasema mkishashiba. Kwamba aliazima baiskeli ya jirani kwenda msibani, akarudi baada ya miaka kumi na moja bila baiskeli, akiwa na mke. Kwamba nyumba yake pale bomani ina madirisha matano na haina mlango, kwa sababu alisema mlango ataweka akishajua upepo unatokea wapi. Kwamba alilima shamba la watu wengine siku nzima, akiimba, na alipoambiwa siyo lake akasema alikuwa anashangaa mbona limekuwa na rutuba. Mimi mwanangu nataka awe na mlango.

5. Sasa nawaomba mnifuate taratibu. Kama kanuni ni kwamba aliyemnyamazisha mtoto ndiye mwenye jina, basi tuifuate kanuni yote, tusikatishe njiani. Aliyemnyamazisha ni ndege. Mtasema ndege siyo marehemu. Baba, ile ndege imeshakufa mara tatu: mara ya kwanza kwenye mkaratusi, ya pili ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe wa mzee Waitara, ya tatu juu ya bati la kanisa wakati wa matangazo. Mara zote nimeifufua mimi kwa gundi. Olima alikufa mara moja tu. Kwa sifa ya umarehemu, nani yuko mbele?

Mtasema siyo ndugu. Mabawa yake yamekatwa na mimi, mtoto wa Nyarero, mwili umebandikwa na mtoto wenu, na mota yake ilitoka Nairobi ikapitia Isebania ndani ya mkoba wa Shangazi Felistas mwenyewe, imefungwa kwenye kitenge. Ina damu ya pande zote mbili. Kwa hiyo kikao kinapaswa kuipokea ndege kwenye ukoo, kuipa kiti siku za vikao, kuihesabu kwenye mgao wa nyama, na mchungaji aandike Simon Mota. Mimi sitaki mwanangu aitwe Mota. Lakini kanuni ikishakuwa kanuni, mimi ni nani?

6. Hoja hii niliifuta, nikaiandika tena. Daftari la Shangazi lilikuwa na ukurasa mwingine. Majina ya upande wangu yaliandikwa mwishoni, na hayakufikiwa kwa sababu kuku walikuwa tayari. La kwanza kwenye ukurasa huo lilikuwa Heche, baba yangu. Alifariki mimba ikiwa na miezi mitano. Alikuwa akija kututembelea kutoka Nyarero, anakaa kwenye kigoda ananishikia rula nikate bawa, haulizi ni la nini. Siku moja tu aliuliza, "Hii itaruka kweli, Gati?" Nikasema itaruka. Akasema basi sawa, akaendelea kushika. Sikumwahi. Ile ya kwanza iliruka wiki mbili baada ya kumzika. Sidai kwamba mtoto angemchagua. Naomba tu aitwe, na yeye asikike.

Kwa hiyo ombi langu ni kikao kirudiwe Alhamisi. Betri zote zikabidhiwe kwenu Mwenyekiti mlangoni. Okal akae kwenye kiti mahali ambapo mikono yake inaonekana. Na daftari lisomwe kuanzia nyuma. Kuku nitapika mimi, lakini baada ya majina, siyo kabla.

Nisalimieni Shangazi Felistas, mwambieni sina kinyongo na mota ni nzuri. Nisalimieni Adhiambo na mapacha, shemeji Simon ambaye mtoto wetu ni somo wake, mama Akinyi wa mboga, na wote walioketi kwenye ile mikeka. Mzee Waitara akiwauliza, birika tumelisafisha.

Ni mimi binti yenu niliyeinamisha kichwa lakini sijanyamaza,

Gati, mama Simon.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, umeme umekatika, betri zote hazina chaji, mtoto akaanza kulia. Nikasema vizuri, tumalize ubishi bila mota. Nikamwita Heche. Akalia. Nikamwita Heche kwa sauti ya kubembeleza, akalia mpaka akapaliwa. Nikamwambia kwa hasira, haya basi, Olima! Akanyamaza. Akanitazama, akacheka kwa fizi zote. Nimerudia mara nne, maana barua lazima iwe ya kweli. Veronika tena ni shahidi, safari hii amerudisha chumvi. Kwa hiyo Alhamisi msije, Jumapili njooni wote, na huyo Olima wenu nitamtafutia mlango mwenyewe. Jina la baba yangu nimeliandika kwa herufi kubwa chini ya bawa la ndege mpya, HECHE, ili lisomeke kutoka chini. Mkiliona linapita juu ya mahindi yenu, tafadhali mliite kwa sauti.