Dawa ya Kideri kwenye Sufuria ya Uji

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano wa wafugaji. Kideri kimeingia mtaa wa pili, kuku wanapinda shingo na kudondoka. Mimi mayai ya kuku wangu ndiyo yanayomkuza mwanangu. Hawafi! Nimeshaamua. Daktari wa mifugo akasema wataalamu wamekamua majani ya mwarobaini, wakayatia kwenye chupa zenye kirusi, kirusi kikafa. Akaanza kusema "lakini". Papo hapo mwanangu akaangua kilio, nikatoka naye. Haidhuru. Nilichokitaka nimekipata. Wifi yangu alibaki hadi mwisho. Huyo hapitwi na neno.

Jumanne, 4 Machi
Nimechemsha majani. Sufuria kubwa ni moja tu, ya uji. Nitaisugua. Kuku wamenusa, wakanitazama kama wakwe walioletewa chai baridi. Nikawanywesha kwa bomba la sindano, mmoja mmoja, mtoto mgongoni. Jogoo amenidonoa kidole. Shukrani ya punda!

Jumatano, 5 Machi
Mtoto amekataa uji. Mume wangu akasema nimemdekeza. Akaonja yeye. Akakimbilia bombani. Nikamwambia angalau yeye kideri hakitampata. Hakucheka.

Jumamosi, 8 Machi
Wifi kaja kuchokoza. Eti, mama profesa, utajuaje kama ni majani yanayowakinga na si bahati? Nimeumia, maana ni swali zuri. Basi nimegawa banda kwa waya. Wa mlangoni watakunywa dawa, wa ukutani maji matupu. Wa ukutani wakifa na wa mlangoni wakapona, wifi atafunga mdomo. Jogoo kaangukia ukutani. Nimemwomba radhi. Ndiyo utafiti, baba.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka kumpima mtoto uzito, nikamkuta wifi anatoka bandani. Mkononi kichupa, usoni malaika. Akasema alikuwa anawasalimia kuku. Kuku wote wanapepesa macho. Nimemwambia salamu zake zinawasha. Wivu tu.

Jumatano, 26 Machi
Kideri kimefika kwetu. Jirani yangu fundi cherehani amebakiwa na manyoya. Nimekimbilia bandani miguu mitupu, nikafungua mlango huku nimefumba macho. Wazima! Wote! Nimekaa chini nikalia, mwanangu akanipangusa kwa kiganja chenye uji. Nilipomaliza kulia nikakasirika. Wa ukutani nao wamesimama wima, jogoo akiwa mbele, anadai chakula. Mbona hawakufa? Wameniharibia utafiti.

Alhamisi, 27 Machi
Wifi kaja na daktari. Kumbe siku ile ya kichupa alikuwa anawatia chanjo, tone moja kwenye jicho la kila kuku, wa mlangoni na wa ukutani. Daktari akaimalizia ile "lakini" yake. Lakini chupa ni chupa, na kuku ni kuku. Majani bado yanachunguzwa, hakuna aliyethibitisha kwamba yanamkinga kuku na kideri. Chanjeni. Wifi akasema angeniambia, ila nikishashika jambo siambiliki. Nimemkumbatia. Nimempa mayai yote ya leo. Nikamwapia mbele ya daktari kwamba sichemshi tena kitu ila uji.

Ijumaa, 28 Machi
Nimefikiri vizuri nikimwogesha mtoto. Chanjo, sawa. Lakini nani aliwapa kuku nguvu ya kuipokea? Wa mlangoni walikunywa. Na wa ukutani je? Harufu! Ilipenya kwenye waya. Daktari hakuliwaza hilo, na simlaumu, ana kazi nyingi.

Leo mbuzi wa wifi kaamka na vidonda mdomoni, hataki kula. Maskini wifi, kafunga kanga mbio kwenda kumwita daktari. Wema wake nitaulipa leo leo, kabla hajarudi. Majani ninayo. Sufuria ilikuwa na uji, lakini nimeshaumimina kwenye birika la mume wangu.