Beberu wa Mbithe na Nguzo ya Kigiriki

Mbithe alifika kwenye benchi la kahawa la Hassan pale soko la Tulia akihema, leso imemlegea, akasema beberu wake ameshikwa.

"Na nani?" Hassan akauliza, birika mkononi.

"Askari wa ile ofisi mpya ya mheshimiwa wa wadi. Mbuzi ilijikuna kwa nguzo, nguzo ikaanguka. Sasa ati ni mali ya umma."

Ndolo, waliyemwita Diaspora kwa sababu aliwahi kulinda duka Dubai, akakunja nne, akamgeukia Mbithe.

"Hizo ni nguzo za Kigiriki, mwaitu. Chini kuna kitako. Katikati mwili, uko na mifereji. Juu kichwa chenye majani, halafu boriti, halafu paa ya pembetatu. Kila moja inabeba ingine."

"Na hiyo ilikuwa inabeba nini?" akauliza Nthiwa, muuza ndengu, bila kumtazama. "Maana imeanguka na paa bado iko."

Diaspora akakohoa. "Inabeba heshima."

"Basi ni kama mheshimiwa mwenyewe. Kichwani majani, katikati mifereji bila maji. Kinachofanya kazi ni kitako peke yake, kukalia kiti."

Benchi likaangua kicheko. Mbithe hakucheka. Beberu yule ndiye aliyemlishia watoto, kila mwenye mbuzi jike alimleta apandwe, akalipa. Akawatazama, akaona hakuna anayeinuka.

"Maneno yenu haifungui kamba," akasema, akaenda peke yake.

Askari alimwambia kesi itaenda kortini, na nguzo ndiyo ushahidi. Mbithe akainama kuitazama. Pale ilipovunjika, ndani ilikuwa povu gumu jeupe, lile la kufungia televisheni kwenye boksi. Akaiinua, akaitupia begani kama mzigo wa majani makavu, akashika njia.

"Mama, unaipeleka wapi?"

"Sokoni. Watu waone ushahidi kabla ya korti."

Alipogeuka, askari alikuwa amepiga magoti, anahangaika kufungua fundo la kamba ya mbuzi, na Mbithe akaitua nguzo.

Walipomwona anarudi na beberu wake, benchini kila mtu akajifanya anapuliza kahawa. Akawaeleza alichokikuta ndani.

Hassan akatikisa kichwa. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

"Mti iko wapi, Hassan?" Mbithe akasema, akipita. "Nimemwacha askari akiiwekea nguzo mawe, upepo isiende nayo."