Agnella Apate Rafiki Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 9 Juni
Dada Scolastica kapiga simu kutoka Mahenge. Anakuja Jumamosi. Akimkuta binti yake Agnella bado hana hata mtu wa kuongea naye, anaondoka naye, akasome hukohuko. Nikamwambia mwanao ana marafiki saba. Uongo mtupu! Tangu Januari alipokuja kuanza kidato cha kwanza hapa Ifakara, akimwamkia mtu anaiangalia sakafu. Simu yote ameisikia. Baadaye nimemkuta anafua sare, na shule zimefungwa. Basi hataki kuondoka. Huruma imenishika. Mjomba nipo!

Jumanne, 10 Juni
Nimempeleka shambani kuamia ndege wasimalize mpunga. Nimewachukua na mabinti wawili wa mtaani, midomo yao haichoki. Chambo: maandazi. Agnella kajificha nyuma ya kibanda. Wale wamekula maandazi, wamejipiga picha, wamepanda bodaboda kurudi mjini. Kweleakwelea nao wamekula jaruba zima la mpunga. Wageni wote wameshiba isipokuwa mimi.

Jumatano, 11 Juni
Leo nimejificha kwenye mpunga nimchunguze. Makubwa! Ng'ambo ya tuta, shambani kwa jirani yangu Nazari, bintiye Emerensiana kapiga ukelele: Hooo! Na Agnella wangu, asiyeweza kumwambia mwenye duka kwamba anataka chumvi, kajibu Hooo! hadi nikakaa kwenye tope. Akipiga huyu, anajibu yule. Kutwa nzima. Kusogeleana hawasogeleani. Nikaelewa: anamkejeli mtoto wangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na Nazari ndiye aliyesema mpunga wangu ni majani ya mbuzi. Nikamfuata huyo baba mtu, nikamwambia amfunge binti yake mdomo. Hakubishana. Akasema kesho atamleta Beno, mwanawe mkubwa, aamie badala ya binti. Nimerudi kifua mbele.

Alhamisi, 12 Juni
Beno analala tu. Agnella kapiga ukelele, kasikiliza. Kimya. Kapiga tena. Kimya. Akakaa chini, ndege wakashuka. Nyumbani kagoma kula. Nilipombembeleza ndipo akatoa maneno mengi kuliko ya miezi yote aliyokaa kwangu. Emerensiana anasoma naye. Wote wawili wanaona haya wakikutana uso kwa uso, ila shambani wanaongea tangu Pasaka. Ukelele ni kuuliza, upo? Ukelele wa kujibu ni nipo. Kupiga debe la kufukuzia ndege ni kucheka. Akaniuliza nimemfanya nini mwenzake. Nikajibu naenda kuangalia mbuzi. Sina mbuzi.

Ijumaa, 13 Juni
Kwa Nazari. Miaka yote nimemnyima shikamoo nikidai sisi ni rika moja. Leo nimempa. Kaipokea taratibu, marahaba ndefu kama treni ya mizigo. Akaniambia binti yake anaamini Agnella ndiye aliyenituma, na shambani harudi. Nikaomba radhi mlangoni, kwa sauti, kwamba kosa ni la mjomba na mtoto hana habari. Ndani hakuna aliyejibu. Naogopa. Kweli naogopa.

Jumamosi, 14 Juni
Dada kashuka basi, nimempeleka moja kwa moja shambani nikisali rozari kimoyomoyo. Agnella alikuwa amesimama mbele ya kibanda. Hooo! Kimya. Dada akauliza wako wapi hao saba. Nikasema wanakuja. Hooo! Sauti ikamkatika. Kimya. Dada akamwambia twende, akafunge begi. Agnella hakutikisika. Akavuta pumzi, akapiga tena. Na ng'ambo: debe! Likapigwa kama vile nyumba inaungua. Mtoto akacheka meno yote nje, meno ambayo sikuwahi kuyaona. Wakakutana juu ya tuta, wakasimama wanaangalia miguu yao. Dada alilia. Kasema abaki.

Jumapili, 15 Juni
Dada kaondoka. Kanishukuru mbele ya Nazari, nami shukrani zote nimezipokea. Ila wale wasichana wanajikausha koo bure. Nimeazima kipaza sauti cha muuza dawa ya panya sokoni. Kesho asubuhi nakifunga juu ya kibanda, na wa kwanza kupiga Hooo nitakuwa mimi. Hao saba watasikia hata wakiwa kijiji cha Idete.