Jicho la Kushoto la Marehemu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Fursa imejileta yenyewe! Mama mkwe, ambaye kwa miaka sita ameniita Fundi Bandika, amefika studio, kazini kwangu, na picha ya marehemu baba mkwe. Ndiyo pekee iliyobaki. Anataka mkwaruzo wa shavuni uondolewe, ichapwe kubwa, itundikwe sebuleni Jumamosi mbele ya ukoo mzima. Mkwaruzo tu, baba, alisisitiza; usinifanyie ufundi. Nikaahidi. (Nitafanya ufundi. Ataniita mwanangu.) Bi Tabaka, mwenzangu wa meza ya pili, akaipitisha kwenye skana. Karatasi, iliyokuwa imeoza kwa unyevu, ikaachana vipande vipande pale pale. Sasa marehemu yumo ndani ya kompyuta tu.

Jumanne, tarehe 5
Nimemchunguza Bi Tabaka kazini, kwenye kompyuta yake. Polepole mno! Akitaka kung'arisha uso, haugusi uso wenyewe: hutandika juu yake tabaka jipya, mithili ya kioo angavu, akapaka rangi hapo. Mteja akibadili nia, tabaka linaondolewa, uso uko vilevile. Nakiri kwamba inapendeza kutazama. Nidhamu ya namna hiyo nimeisoma vitabuni tu. Lakini mimi ni mtu wa uamuzi. Nikamweleza kwamba mwenye mkono thabiti hahitaji matandiko. Akajibu bila hata kugeuka: haya, Profesa, si mkono wako?

Jumatano, tarehe 6
Ushindi! Nimekuta mafaili mawili ya marehemu: moja limeandikwa MAMA, la pili MTOTO. Nikatafakari kwa makini. Mwenye picha ni mama mkwe. Basi MAMA ni lake. MTOTO ni la ziada, halina mwenyewe. Nikalifuta. Kisha, juu ya MAMA, moja kwa moja: mkwaruzo nimeuondoa, mvi nimezitia weusi, na jicho la kushoto, ambalo kope lake lilikuwa limelala, nimelifumbua kabisa. Nikahifadhi. Marehemu amepungua miaka ishirini!

Alhamisi, tarehe 7
Maafa. Mama mkwe ameitazama picha, akauliza huyu ni mume wa nani. Nikamwonyesha jicho. Akaketi. Akasema kwamba kwa lile kope mumewe alionekana daima anamkonyeza, hata wakigombana, na kwa miaka arobaini hakuweza kumkasirikia hadi mwisho. Sasa nani atanikonyeza, aliuliza, wewe? Mke wangu ameongeza kwamba nisirudi nyumbani bila jicho la baba yake.

Nikajaribu kulilaza kope upya. Marehemu akafanana na mlevi.

Nimeungama kwa Bi Tabaka. Akashika kichwa. Profesa wangu, akasema, MAMA ndiyo picha ya asili, haguswi. Kazi hufanywa kwa MTOTO, nakala iliyozaliwa na MAMA! Umemuua mtoto, halafu ukamkwatua mama!

Ijumaa, tarehe 8
Bi Tabaka amefungua kabati, akatoa diski ndogo, akasema twende kwa bibi. Nikauliza bibi yupi. Akajibu kwamba mama naye ana mama. Kila picha inayoingia hapa ina bibi yake kabatini, maana huwezi kujua utapangiwa kazi na nani. Alinitazama aliposema hivyo. Akaifungua. Kope limelala! Mvi, shavu, mkwaruzo, vyote vipo. Akatoa mtoto mpya, akatandika tabaka moja, na baada ya dakika kumi mkwaruzo haukuwepo. Sijapata kuona akili iliyopangika namna ile. Alilifikiria kosa langu kabla sijaajiriwa!

Jumamosi, tarehe 9
Imetundikwa. Mama mkwe alisimama mbele yake, ukoo mzima nyuma yake. Kisha akacheka peke yake, akamwambia marehemu aache utundu, bwana, kuna wageni. Mke wangu akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi bado ni Fundi Bandika, lakini nimepewa kiti chenye mto.

Jumapili, tarehe 10
Heshima yangu kwa Bi Tabaka sasa haina mpaka, nami si mtu wa kushukuru kwa maneno matupu. Nimeazima ufunguo wa kabati, nikaja studio peke yangu. Hazina iliyoje! Kila diski na jina lake, kila jina na tarehe yake. Kasoro niliyoiona ni moja tu: mabibi wote wamo humo vilevile walivyoingia, na mavumbi yao, na mikunjo yao, na meno yaliyopishana. Kazi safi kama hii haistahili kuaibishwa na sura za namna hiyo. Kufikia saa sita mchana nimewarudishia ujana mabibi kumi na wawili, humo humo ndani ya diski zao. Kesho atakapofungua kabati, Bi Tabaka atakosa la kusema.