Nta ya Sakafu Juu ya Boneti

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu, hujambo huko? Kifua kimepona? Sisi wazima, isipokuwa goti langu la kushoto. Uliniomba niandike mambo ya kila siku kisha nikutumie kurasa. Haya, soma taratibu, na usimsomee mkeo.

Mpwa wetu anaolewa tarehe kumi na tano. Dada anatafuta gari la kumbeba bibi harusi. Yamebaki mawili: langu, na la shemeji, mdogo wa mumewe, ambaye Mungu kwa hekima yake alimpa nyumba ya jirani yangu. Dada atapita Jumamosi kuyatazama. Mtoto huyo nimembeba mgongoni tangu hajaota meno. Siku ya harusi yake nimwone akishuka kwenye gari la mwingine? Hapana.

Jumatano, 5 Machi

Nimechungulia juu ya ukuta. Shemeji kaosha gari, kalikausha, kaliweka kivulini. Anapaka nta kidogo kidogo, anazungusha kitambaa kama anayempaka mtoto mchanga mafuta. Anaiacha ikauke iwe ukungu, ndipo anaifuta. Akaniona. Akasema shemeji, shuka kwenye hiyo ndoo utaanguka, njoo nikugawie; hii inalinda rangi na jua na mavi ya ndege. Nikamjibu nilikuwa natafuta paka.

Hatuna paka.

Nimeomba niondolewe wivu. Nikaomba pia mvua inyeshe upande wake tu.

Alhamisi, 6 Machi

Jibu limekuja katikati ya sala ya asubuhi. Macho nilikuwa nimeyainamisha, kwa unyenyekevu. Sakafu ya sebule ilimeta hadi nikaiona pua yangu. Nta nyekundu. Gari langu jekundu, ila limepauka. Nta ni nta.

Kopo zima limekwisha. Jua la saa saba, brashi ya sakafu, goti likilia. Mke wangu akasimama mlangoni akaniuliza, baba watoto, hiyo si ya sebuleni? Nikamwambia nta ni nta. Akasema sawa, ila nikumbuke kwa nini humu ndani hakuna anayevaa soksi nyeupe. Nikamjibu gari halikanyagwi. Akacheka, akaingia ndani. Nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Gari linawaka kama kaa la moto. Shemeji kachungulia mara mbili. Nimelala usingizi wa mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kapita akielekea ibada ya kina mama, sare nyeupe kuanzia kilemba hadi viatu. Kalizunguka gari mara mbili. Akasema, kaka, kumbe lako lilikuwa zuri hivi, basi mwanangu atapanda hili. Machozi yakanilenga. Kisha kwa furaha akauegemea mlango anisimulie habari za keki. Keki yenyewe ina ngazi tano. Alizisimulia zote.

Alipogeuka kuondoka, nikaona. Maduara mawili mekundu, kila moja kama sahani.

Mdogo wangu, mdomo niliufungua. Lakini nikawaza: nikisema, gari nimelikosa. Nisiposema, ataimba mstari wa mbele.

Nikachagua kumwombea.

Jumapili, 9 Machi

Wenzake walimwambia kwenye wimbo wa tatu, ule wa kuyumba. Jana jioni kaja na khanga kiunoni. Hakupiga kelele, heri angepiga. Kauliza moja tu: kaka, uliona? Nikamweleza kwamba nta bado mbichi, ikipigwa jua siku mbili tatu itashika. Akarudia: uliona? Nikasema niliona.

Akasema gauni la mtu hufuliwa. Ila mwanawe hatapanda gari la mtu aliyemwacha dada yake aende vile mbele za Mungu. Mpwa atapanda la shemeji.

Leo ibadani nimekaa nyuma kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimekuta kopo la nta ya shemeji juu ya ukuta, na kitambaa safi. Nimemrudishia. Sipendi kusumbua watu.

Nimetafakari sana, nimepiga magoti yote mawili, hata hilo bovu. Funzo nimelipata. Kosa lilikuwa rangi. Mshumaa nao ni nta, tena nyeupe, na gauni la bibi harusi ni jeupe. Nani ataona? Siku tano bado zipo, na dada moyo wake ni laini. Sufuria kubwa iko jikoni, mwenye sufuria yuko sokoni.

Tafadhali nijibu upesi, uniambie boneti moja inakula mishumaa mingapi.